Padi Moja, Watu Wawili

Kabla hujaanza kusoma, naomba uniwie radhi. Mistari yangu hushuka upande wa kulia kama maji yanayotafuta mto, na yapo maneno ambayo mpaka leo sijui kama huandikwa pamoja au hutenganishwa. Shule niliachia darasa la nane. Huandika polepole, ukurasa mmoja unaweza kunichukua tangu chai ya asubuhi mpaka mbuzi warudi nyumbani. Ukikuta kosa, lirekebishe kichwani mwako halafu uendelee, kwa sababu ninalotaka kusema ni la kweli hata kama nimeliandika vibaya.

Nataka kuandika juu ya gemu ya mpira. Ni ile ambayo hutoka mpya kila mwaka, timu ni zilezile, wachezaji wamehamahama, na ndani yake wameongeza kitu kimoja au viwili ambavyo mwaka jana havikuwepo. Nimeijua tangu nikiwa darasa la nne. Nimekua nayo kama vile mwingine anavyokua na mti ulio nyuma ya nyumba yao. Lakini siwezi kuandika juu ya gemu bila kuandika juu ya kaka yangu, kwa hiyo nitawaandika pamoja.

Sisi ni watu wa karibu na Kabati. Pale sokoni kuna mama mmoja fundi wa nguo, anashona sare za shule na magauni ya kwaya. Watu wake walitoka pwani zamani, babu yake alikuja kufanya biashara na hakurudi. Sote tunamwita Mama, hata watu wanaomzidi umri. Mwanawe anayefanya kazi mbali alimletea mashine ya gemu na runinga, akamwambia, "Mama, hii itakuwekea watoto karibu, usiwe mpweke." Basi chumba cha cherehani kikawa pia chumba cha gemu. Runinga iko juu ya meza, kati ya cherehani na marobota ya vitambaa, na sisi tunaketi chini juu ya mkeka. Viatu vinabaki nje. Matusi pia yanabaki nje. Aliyefungwa anampisha mwingine.

Kiswahili hiki ninachoandika nilikipata kwa Mama zaidi ya shuleni. Sisi tukiongea tunachanganya na Kikamba na kila kitu. Ukisema "hiyo mtu," Mama alikuwa anasimamisha cherehani, anakutazama juu ya miwani.

"Yule mtu, baba. Mtu si kiti."

Mimi sikurekebishwa mara nyingi, kwa sababu sikuongea mara nyingi. Ni haya tu, aibu niliyozaliwa nayo. Mwalimu akiniuliza swali ambalo jibu lake ninalijua, ulimi ulikuwa unakauka. Kaka yangu, anayenizidi miaka minne, ndiye aliyeongea kwa niaba ya sisi wawili. Akishika padi, kile kidude cha vitufe cha kuchezea, alikuwa mchezaji, kocha, mtangazaji na mashabiki. "Anampa yule, yule anageuka, ai, beki amelala! Amkeni, mgeni amefika! Goooli!" Kijana aliyekuwa akifungwa angetaka kukasirika lakini angecheka tu.

Toleo la kwanza tulilolijua lilikuwa na wachezaji wenye sura za kuchongwa kwa panga. Wote walikuwa na nywele za kubandikwa. Mashabiki walikuwa kama picha zilizochorwa kwenye mabati, wakishangilia wote walipanda pamoja na kushuka pamoja. Mpira ulikuwa unang'ang'ania mguuni kama kupe. Kidole gumba cha kushoto kiliendesha mchezaji, cha kulia kilibonyeza vitufe vinne: pasi, krosi, kupiga, kukimbia. Basi. Na kulikuwa na mahali, kwenye kona ya boksi upande wa kushoto, ambapo ukipiga kutoka pale kipa hafiki kamwe. Kaka yangu alipagundua mapema akapaita shambani kwake. "Mnaniona nimeingia shambani kwangu? Sasa navuna."

Mwaka uliofuata waliziba mahali pale. Alipiga kutoka shambani kwake, kipa akaruka akadaka. Kaka aliitazama padi kwa muda kana kwamba imemsaliti.

Halafu likaja toleo la mvua. Matone yalionekana yakianguka, nyasi ziling'aa, wachezaji waliteleza. Kwetu mvua si kitu cha mchezo, mwaka ule mahindi yalikuwa yamekauka yakiwa ya urefu wa goti. Tulikaa tukiitazama ile mvua. Mama alisimamisha cherehani.

"Wanacheza kwenye mvua yote hiyo? Mama zao wako wapi?"

Kaka akamwambia, "Mama, wacha wanyeshewe. Wao wanalipwa."

Baadaye likaja lile ambalo mchezaji anachoka. Ukimkimbiza sana anashika kiuno, anahema, anabaki nyuma. Kaka alikataa jambo lile kwa siku nyingi. "Ati amechoka! Amelima wapi? Amebeba maji?" Lakini alijifunza kumpumzisha, na akawa bora zaidi. Kisha refa akaanza kutembea kuja karibu na kutoa kadi. Kisha shati likaanza kuchomoka kwenye kaptula. Kisha ule ufito mfupi wa kuzungusha upande wa kulia wa padi, ambao zamani ulikaa bure, ukapewa kazi ya kupiga chenga, na vitufe vya nyuma vikapewa kazi ya kulinda na kubadilisha nguvu ya shuti. Kila mwaka gemu ilidai kidole kingine. Tulianza na vidole gumba viwili, tukafika mahali ambapo mikono yote ilikuwa na shughuli kama ya mwanamke anayesuka kiondo.

Zikaingia timu za wanawake. Siku hiyo binti aliyekuwa akijifunza kushona kwa Mama aliweka kitambaa chini, akaja akaketi mkekani, akasema, "Sasa nipisheni." Vijana walicheka. Alifungwa kwa wiki mbili. Wiki ya tatu akaanza kufunga, na tangu hapo ndiye tuliyemwogopa. Alikuwa na vidole vya sindano.

Mwaka mmoja jina la gemu yenyewe lilibadilika kwenye jalada. Vijana wengine walikataa, wakasema hii si ile. Mama alipoona wanabishana aliuliza, "Ndani ni yaleyale?" Wakamwambia ni yaleyale. "Basi binti akiolewa haachi kuwa binti yangu. Chezeni."

Mimi nilichokipenda sana sikukisema kwa mtu. Nilipenda kuwaona wachezaji wakizeeka. Kulikuwa na mmoja niliyemjua akiwa kijana mwenye mbio nyingi. Kila mwaka gemu ilimpunguzia mbio kidogo na kumwongezea akili ya pasi. Nywele zake zilipungua. Halafu mwaka mmoja nikamtafuta kwenye orodha ya timu yake nikamkosa, nikatafuta timu nyingine, nikamkosa. Nilikaa nimeshika padi mpaka kaka akanigusa. "Unatafuta nani?" Nikamwambia hakuna. Sikujua namna ya kusema kwamba namlilia mtu wa kwenye runinga.

Kaka yangu alipata kazi Kathonzweni, kwenye mashine ya kusaga unga ya mtu wa ukoo wetu. Alikuwa anakuja nyumbani mara moja kwa mwezi akiwa mweupe mpaka kwenye kope, na mwaitu, yaani mama yetu mzazi, anamwambia, "Umenawa kweli, au nikupike ugali?" Siku moja mkanda wa mashine uliruka. Alikuwa ameunyoosha mkono kuurudisha kabla mashine haijasimama, jambo ambalo amelifanya mara mia. Ulimchukua mkono wa kulia. Hospitali walifanya walichoweza. Kidole gumba kilienda, na vile viwili vinavyofuata. Vikabaki viwili vya mwisho, kile cha pete na kile kidogo, navyo havikunyooka vizuri.

Alirudi nyumbani wakati wa kuvuna ndengu. Alikuwa amevaa jaketi, na jua lilikuwa la kuunguza. Mkono ulikuwa mfukoni. Nilidhani ni kwa sababu ya bandeji, lakini bandeji zilitolewa na jaketi likabaki. Alikula kwa mkono wa kushoto akiwa ametugeuzia mgongo. Alipura ndengu kwa mkono mmoja, nyuma ya nyumba, mahali ambapo mtu anayepita njiani hamwoni. Mgeni akija, yeye anakumbuka kuwa mbuzi wamekwenda mbali. Kanisani aliacha. Kwa Mama aliacha. Na kile kilichotuumiza zaidi, mwaitu na mimi, ni kwamba aliacha kuongea. Katika nyumba yetu mimi ndiye niliyekuwa mtu wa kunyamaza. Sasa tukawa wawili, na mwaitu katikati akiuliza na kujijibu.

Usiku mmoja wa sala mwaitu alisema maneno haya tu: "Bwana, nirudishie kelele zake." Hakuomba vidole.

Nilifikiri siku nyingi. Nilijiambia, kaka haendi kwa Mama kwa sababu hawezi tena kucheza. Gemu mpya inataka vidole vyote. Lakini ile ya kwanza, ile ya sura za panga, ilitaka vitufe vinne tu, kimoja baada ya kingine, bila haraka. Nilikaa chini nikaweka kipande cha ubao juu ya paja kama ndiyo padi, nikafunga vidole vitatu vya mkono wa kulia kwa kitambaa, nikajaribu. Padi ikilazwa pajani, vidole viwili vya mwisho vinafika. Nikaona nimepata dawa. Ilibaki kuipata ile mashine ya zamani, maana ya Mama ya kwanza ilikuwa imekufa zamani.

Nilisikia kwamba katika mji mdogo wa Kwa Vonza kuna fundi wa simu anayeweka vitu vya kale. Nilikwenda na debe la ndengu zangu mwenyewe. Njiani nilijifunza sentensi ya kumwambia, nikaisema mara nyingi mpaka ikachakaa. Nilipofika mlangoni pake ilikuwa imetoka kichwani yote. Nikaomba kalamu kwa ishara, nikaandika kwenye karatasi: Nataka gemu ya mpira ya zamani sana ya vitufe vinne ni ya kaka yangu.

Alisoma, akanitazama, akacheka, lakini si kwa ubaya. "Wewe unataka mababu! Watu wanakuja hapa kutafuta ya mwaka ujao, wewe unarudi nyuma." Alipanda juu ya kiti akashusha mashine ya kijivu iliyojaa vumbi, padi moja, na sidii isiyo na jalada. Aliijaribu mbele yangu. Wale watu wa mabati wakapanda pamoja, wakashuka pamoja. Nilitabasamu mpaka akasema, "Chukua, kijana. Ndengu zinatosha."

Niliiunganisha kwenye runinga ambayo mwaitu hutazamia mahubiri. Kaka aliingia, akaona, akasimama. Halafu akaketi. Nikamlazia padi pajani bila kusema kitu. Alitoa mkono mfukoni, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuuona vizuri. Nilitazama runinga.

Alicheza kipindi kimoja. Vidole vilifika, kama nilivyopima. Alifika hata kwenye kona ile ya boksi, akapiga, ikaingia. Hakusema shambani wala kuvuna. Mapumziko yalipofika aliweka padi chini.

"Hawa wote wamestaafu," akasema. "Unanichezesha na wazee."

Niliiokota padi.

"Ulitoa ndengu zako kwa hii?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Sikiza. Shida si gemu. Hata hiyo mpya ningefungwa tu, si nimewahi kufungwa? Shida ni mkono."

"Ndiyo nimetafuta ya..."

"Si mkono wa kucheza. Wa kusalimia."

Kuna jambo nililisahau kuandika pale juu, na sasa naona ndilo kubwa. Kwa Mama, mechi ikiisha, aliyefungwa humpa aliyemfunga mkono kabla ya kuinuka. Mkono wa kulia. Mama aliweka sheria hiyo baada ya vijana wawili kurushiana padi. "Mkono kwanza, kisha inuka." Na ukiingia unawasalimia wote waliopo, mmoja mmoja, kwa mkono. Kanisani kwetu nako, ibada ikiisha tunatoka mlangoni tukifanya mstari nje, anayetoka anawasalimia waliotangulia wote kisha anasimama mwisho, mpaka kila mtu ameshika mkono wa kila mtu. Ni watu mia moja na zaidi. Nilikuwa nimefanya hivyo tangu utotoni bila kufikiria. Kwetu mtu usiyempa mkono ni mtu mliyekosana naye.

Kaka alisema, "Jumapili ile ya kwanza nilisimama kwenye mstari. Kila aliyenishika alishtuka. Kidogo tu. Halafu akatabasamu. Mia moja hivyo. Afadhali wangelia."

Mimi nilikuwa nimepima vidole vyake kwa ubao na kitambaa, na sikuwa nimemuuliza. Haya yangu ilinifanya nisafiri mpaka Kwa Vonza badala ya kusema neno moja katika nyumba yetu wenyewe.

Siku ya pili yake, tukiwa nyuma ya nyumba tukipeta ndengu, nilisema sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumwambia. Nilisema, "Wewe ushike upande wa kushoto wa padi, mimi nishike wa kulia, tucheze kama mtu mmoja, na ukifungwa mkono nitatoa mimi."

Alinitazama. "Rudia."

"Sirudii."

Akacheka. Kidogo, kwa pua. Mwaitu aliyekuwa jikoni alichungulia mlangoni kuona ni nani.

Tulijifunza na ile mashine ya kijivu. Tuliketi bega kwa bega, padi katikati, yeye anakimbiza, mimi nabonyeza. Ilikuwa vibaya sana. Yeye anakwenda kulia, mimi napiga pasi kushoto. Yeye amefika golini, mimi bado nafikiri. Nilipiga shuti kutoka kwenye boksi letu wenyewe.

"Unafanya nini wewe?"

Nikabonyeza tena.

"Sema! Kabla hujabonyeza, sema. Mimi si nabii, sijui kilicho ndani yako."

Basi ikabidi niseme. "Pasi." "Krosi." "Nampa huyu." "Ngoja, ngoja, napiga." Mwanzo nilisema kwa sauti ya mtu aliye maktabani. Yeye akajibu kwa sauti yake ya zamani kidogo kidogo, kwanza kunikaripia tu, halafu kutangaza. Nilisema maneno mengi mchana ule kuliko mwaka mzima. Jioni koo lilikuwa limekauka, mwaitu akanipa uji akifikiri nina homa.

Jumamosi moja tulikwenda kwa Mama. Kaka alivaa jaketi. Mlangoni aliinua mkono wa kushoto juu akasema, "Hamjambo wote," akaketi haraka kabla mtu hajainuka kumsalimia. Mama alimwangalia juu ya miwani. "Umepotea, mwanangu." Kisha akaendelea kushona, lakini niliona anashona mahali palepale alipokwisha kushona.

Zamu yetu ilipofika tukashika padi wote wawili. Kelele zikaanza.

"Ai! Hiyo ni nini? Wawili kwa mmoja?"

"Leteni na mbuzi wenu ashike kitufe cha nyuma!"

"Mama, waangalie! Padi moja mtu mmoja, si ni sheria?"

Nilihisi bega la kaka likiwa gumu. Angeinuka. Mama alisimamisha cherehani.

"Hebu tuhesabu. Mkono wake huu una vitano. Wa mdogo wake, vitano. Ni kumi. Nani hapa chumbani anacheza na zaidi ya kumi?"

Vijana wakajitazama vidole.

"Basi mimi namwona mtu mmoja pale. Mnene kidogo. Chezeni."

Chumba kizima kikacheka, na kaka pia akacheka. Aliyekuwa ameshika padi ya pili ni yule binti wa cherehani. Hakutuhurumia hata kidogo. Dakika za mwanzo alitufunga mawili. Gemu mpya ilikuwa na mambo mengi kuliko ile ya kijivu: mimi nilikuwa na ufito wa kulia, vitufe vinne, na vya nyuma upande wangu, na jasho. "Sema!" kaka ananiambia mbele ya watu wote, nami nasema. "Chenga kushoto. Pasi. Nampa wa katikati." Vijana wakaanza kunyamaza kutusikiliza, kwa sababu wengi wao hawakuwa wamewahi kuisikia sauti yangu. Kipindi cha pili kaka alimpeleka winga hadi mwisho wa uwanja, nikasema, "Krosi, sasa," nikabonyeza, akamkimbiza straika, nikasema, "Kichwa," ikaingia.

Kaka aliruka kutoka mkekani. "Goooli! Amkeni, mgeni amefika!"

Tulifungwa matatu kwa moja. Mechi ilipoisha nilifanya kama nilivyoahidi. Mimi ndiye niliyekuwa mkono wa kulia, kwa hiyo nilinyoosha wangu. Binti alinishika, akasema asante. Halafu hakuurudisha mkono wake. Aliunyoosha kwa kaka.

"Nimeshasalimia," nikasema, "ni kwa ajili yetu wote."

"Nimekusalimia wewe. Huyu bado." Akamtazama kaka. "Umenifunga bao la kichwa mbele ya watu, halafu unaninyima mkono? Tumekosana?"

Kaka alikaa hivyo kwa muda. Naandika polepole lakini muda ule ulikuwa wa polepole zaidi. Kisha akautoa mkono mfukoni, akampa. Binti aliushika wote, vile viwili na mahali pa vile vitatu, akautikisa mara mbili kama anavyowatikisa wengine. Nilimwangalia usoni kuona kama atashtuka. Alikunja uso.

"Mkono wako una jasho kama wa mdogo wako. Inuka sasa, wengine wanangoja."

Nisikudanganye, kaka hakutoka pale akiwa mtu mwingine. Jaketi lilirudi siku ya pili. Zilikuwepo Jumamosi nilizomngoja njiani akakataa kuja. Lakini nyingine alikuja, na tulizoea, hata tukaanza kushinda. Toleo jipya lilipofika tulilijifunza pamoja, yeye akilalamika kwamba wameharibu mbio, mimi nikilalamika kwamba wameongeza kazi upande wangu. Ndiyo, mimi, nikilalamika. Kwa sauti.

Wiki iliyopita nilitoka shambani kupeleka kunde sokoni. Nilipopita karibu na kwa Mama nilisikia kelele nikazitambua. Nilisimama mlangoni na gunia begani. Kaka alikuwa ameketi mkekani, hana jaketi, shati tu, mkono umelala juu ya goti lake waziwazi. Na upande wa kulia wa padi alikuwa yule binti.

"Sema basi!" kaka anapiga kelele.

"Nimesema! Wewe ndiye husikii, masikio umeyaacha Kathonzweni?"

Kijana waliyekuwa wakicheza naye aliangua kicheko, wakatumia nafasi hiyo kumfunga. Kaka na binti wakagonga mikono, wa kulia kwa wa kulia.

Nitasema ukweli. Nilichomwa kidogo moyoni. Upande ule ulikuwa wangu. Mguu wangu mmoja ulikuwa tayari kuvua kiatu. Hakuwa ameniona. Alikuwa amekuja peke yake, hakuna aliyemngoja njiani, hakuna aliyemwahidi kumtolea mkono. Nikakivaa kiatu vizuri, nikaenda zangu sokoni.

Nilipofika nyumbani mwaitu alikuwa anachagua mawe kwenye ndengu. Akauliza, "Kaka yako yuko wapi?"

"Kwa Mama."

"Na nani?"

Nilifikiri namna ya kumweleza. "Na watu," nikasema.

Aliendelea kuchagua mawe. Baadaye niliona alikuwa anatupa ndengu na kuacha mawe.

Kilichobaki ni mstari wa kanisani. Siku hizi kaka huja ibadani, lakini wimbo wa mwisho ukianza anatoka kwa mlango wa kando. Mia moja bado ni wengi. Simsukumi, ila sasa nimejifunza kuuliza, nami nakuuliza wewe uliyefika mpaka hapa. Kama nyumbani kwenu kuna mtu aliyewahi kuuficha mkono, au mguu, au uso, akarudi kusimama kwenye mstari pamoja na wengine, nieleze alianzaje. Ni nani aliyesimama mbele yake, na nani nyuma? Niandikie, hata mistari miwili. Nitamsomea kaka kwa sauti.